Ukuta wa Bonde la Ufa pale Mto wa Mbu uko upande mmoja tu, ule mwingine uko wapi?

#1 Mama_Vitunguu

Habari zenu wakuu. Mimi ni mfanyabiashara wa vitunguu, napita Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu karibu kila wiki huu mwaka wa tisa. Mnaojua ile njia mnaelewa: ukitoka Makuyuni ni tambarare mwanzo mwisho, unafika Mto wa Mbu kwenye migomba, halafu ghafla mbele yako kuna ukuta, fuso inaanza kulia gia ndogo mpaka mnafika juu pale watalii wanaposimama kuangalia Ziwa Manyara.

Sasa binti yangu yuko kidato cha tatu, jana kaniletea daftari lina picha ya Bonde la Ufa. Kwenye picha kuna kuta mbili zinaangaliana na katikati ardhi imedidimia. Nikamwambia mwanangu hiyo picha sio ya kwetu, mimi napita pale, ukuta ni mmoja tu, uko upande wa Karatu. Upande wa Makuyuni hakuna ukuta wowote, ardhi inapanda taratibu hata husikii. Akaniambia mama mwalimu kasema kuta ni mbili. Na chini ya picha ameandika nadharia mbili, moja inasema ardhi ilivutwa huku na huku ikapasuka, nyingine inasema ilibanwa kutoka pande zote mbili. Sasa kuvutwa na kubanwa si ni vitu viwili tofauti kabisa jamani? Vyote vinatoaje bonde moja?

Naomba wenye elimu mnisaidie, sitaki kumdanganya mtoto. Na huo ukuta wa pili uko wapi?

#2 Mpita_Njia

Ukuta wa pili umefukiwa mama. Volkano za Ngorongoro zimemwaga majivu mamilioni ya miaka, limejaa lote.

#3 KijanaWaNaks

Niaje wasee. Mama mimi niko Nakuru na huku kuta ziko mbili kabisa, west kuna Mau, east kuna Kinangop na Nyandarua. Ukisimama pale view point ukishuka kwenda Mai Mahiu unaona bonde lote, Longonot hapo mbele na Suswa kule kando, na ng'ambo siku kama hakuna ukungu unaona Mau. So picha ya mtoto ni ya Kenya, labda nyinyi wa Tanzania mlipewa nusu 😂

#4 MwlJiografia

Mama_Vitunguu hongera kwa jicho lako, kuna watu wamepita pale miaka 30 hawajaliona hilo. Na #3 ametania lakini kagusa penyewe, Manyara ni nusu bonde kweli. Ardhi haikukatika pande zote mbili. Ilikatika upande wa magharibi tu, kwenye huo ukuta, halafu kipande chote cha mashariki kikainama kuelekea kule kwenye ufa. Chukua mfano wa mlango wa ghala wa kufunika chini, ule wenye bawaba upande mmoja. Ukiuachia, upande usio na bawaba unashuka chini, upande wa bawaba unabaki pale pale. Makuyuni ndo upande wa bawaba. Ndo maana husikii mteremko unaposhuka kuja ziwani, upo lakini ni mdogo mdogo, na ziwa lenyewe limekimbilia kukaa chini ya ukuta kwa sababu pale ndo pamezama zaidi. Ziwa Natron nalo hivyo hivyo, ukuta uko magharibi.

Nakuru nako wanasema kulianza na ukuta mmoja, mwingine ukaja baadaye sana.

#2, majivu yapo kweli na mashapo yamejaa bondeni, lakini hayajaficha ukuta mzima.

Kuhusu nadharia mbili, zote zilishawahi kutetewa na watu wazito. Mwanajiolojia Mwingereza Gregory alipofika Kenya mwaka 1893 akaona ardhi imedidimia katikati, yeye ni upande wa kuvutwa. Baadaye E. J. Wayland aliyekuwa mkuu wa idara ya jiolojia Uganda akaangalia Ziwa Albert na Rwenzori akasema hapana, hapa pamebanwa, pande mbili zimepanda juu ya katikati. Siku hizi ushahidi umeegemea kwenye kuvutwa, mitambo ya kupima kwa setelaiti inaonyesha pande zinaachana. Kwenye mtihani aandike zote mbili, aanze na kuvutwa.

#5 Mama_Vitunguu

Asante sana mwalimu, mlango wa ghala nimeuelewa. Ila sasa umeniongezea swali, nani anavuta?

#6 Mpita_Njia

Hakuna anayevuta. Chini kuna bahari ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka, sisi tunaelea juu kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa. Magma ikichemka ngozi inapasuka. Basi.

#7 Kisima_Kirefu

#6 ndugu hiyo bahari ya magma haipo. Mimi nachimba visima, nakuheshimu, lakini hili la bahari ya moto chini ya miguu limeenea sana na sio kweli.

Ganda tunalokanyaga huku bara ni kama kilomita 30 mpaka 50, chini ya bahari ni jembamba, kama 7 hivi. Chini ya ganda kuna joho, linashuka mpaka kilomita 2,890 hivi, na joho ni MWAMBA, mgumu. Kimiminika cha kweli ni kiini cha nje, hicho ni chuma kilichoyeyuka, kinaenda mpaka kama kilomita 5,150, halafu kiini cha ndani ni kigumu tena mpaka katikati kabisa kwenye 6,371. Magma inapatikana sehemu chache tu, kwenye vimifuko, sio kila mahali.

Shimo lililokwenda chini kuliko yote ni la Kola kule Urusi, walifika mita 12,262 wakashindwa, joto lilikuwa limefika nyuzi 180 na mwamba unakuwa kama unajifunga wenyewe. Kilomita 12 kati ya 6,371! Hata ganda hawakulimaliza. Mimi na kompresa yangu nikifika mita 150 kwenye jiwe jeusi la Arusha nishaanza kumuomba Mungu biti isibaki chini.

#8 Mpita_Njia

Sasa kama hakuna aliyefika mmejuaje ni kigumu? Si mnakisia tu.

#9 MwlJiografia

Kwa matetemeko. Likipiga tetemeko Japani, mawimbi yake yanapita ndani ya dunia yanatokea upande wa pili, mashine zinayapokea. Kuna aina moja ya mawimbi hayapiti kwenye kimiminika hata kidogo, na hayo ndo yanayozuiwa yakigusa kiini cha nje, kwa hiyo tukajua pale pana kimiminika. Joho yanapita bila shida. Mwaka 1936 mama mmoja wa Denmark, Inge Lehmann, aliona mawimbi fulani yanatokea mahali yasipotakiwa kutokea, akasema ndani ya kile kimiminika lazima kuna kitu kingine yanagonga. Ndo kiini cha ndani kikajulikana, kwa karatasi za mashine tu.

Ni kama mwanamke anayenunua nazi sokoni. Hapasui. Anaitikisa sikioni, anaigonga na kucha, anakwambia hii imekauka hii ina maji.

#10 Mama_Vitunguu

Na tikiti pia tunagonga hivyo hivyo. Sawa, joho ni gumu. Lakini kama ni mwamba mgumu, ardhi inasogeaje juu yake? Fuso yangu haisogei juu ya jiwe bila tairi.

#11 Lori_la_Lami

Mama hili naomba nilijibu mimi maana nimefanya kazi ya barabara toka 2004. Umeshaona lami ya mapipa ile nyeusi? Asubuhi na baridi, ukichukua nyundo ukapiga kipande kinavunjika vipande vyenye makali kama chupa, kinakukata mkono. Ni kigumu, ukimwambia mtu hicho ni kimiminika atakucheka. Sasa pipa hilo hilo limepasuka ubavuni, liache uwanjani wiki mbili bila kuligusa bila kuwasha moto. Ukirudi unakuta lami imetoka taratiiibu imetengeneza ulimi chini kama mita moja, imefunika kokoto, na kama kulikuwa na kiatu cha mtu imekimeza. Hakuna aliyeiona inatembea. Sisi tulishapoteza sepetu hivyo, tukaja kuipata imesimama katikati ya lami kama imepandwa.

Joho ndo hivyo nilivyoelewa mimi. Ukilipiga haraka ni jiwe, tetemeko linapita. Ukilipa miaka milioni linatiririka.

#12 Kisima_Kirefu

#11 hapo umemaliza kabisa mkuu, huo mfano naubeba.

Niongezee kwa #6: mwamba wa joho ni moto sana ila hauyeyuki kwa sababu umebanwa na uzito wa juu. Ukipanda mgandamizo unapungua, hapo ndo sehemu yake inayeyuka bila hata kuongezewa joto. Kwa hiyo pale ganda linapovutwa likawa jembamba, joho linapanda kujaza nafasi, linayeyuka, volkano inatokea. Ndo maana volkano zimepangana kufuata Bonde la Ufa. Kwa hiyo ni kuvutwa kwanza, magma baadaye.

#13 Bukoba_Damu

Kisima mimi nina shida na hapo kwenye "kuvutwa kwanza magma baadaye". Sisi Bukoba hatuna volkano hata moja, na tarehe 10 Septemba 2016 tulipigwa.

Ilikuwa Jumamosi kama saa tisa na nusu alasiri. Nilikuwa nje nafua. Nilisikia kwanza mlio, sio mtikisiko, mlio kama lori kubwa linapanda mlima nyuma ya nyumba, nikageuka kuangalia lori. Halafu maji kwenye beseni yakaanza kuruka, ukuta wa jirani wa matofali ya kuchoma ukafunguka kona kama daftari na bati likashuka. Watu 17 walikufa. Tulilala nje siku nyingi, kila kukicha kanatetemeka kadogo, mtoto wangu mpaka leo lori likipita anauliza.

Walisema ukubwa 5.9 na kina kilomita kama 40. Arobaini! Hakuna volkano, kina kirefu namna hiyo, ziwa letu halina hata mita 100 kwenda chini. Huku nani katuvuta?

#14 MwlJiografia

Pole sana #13. Bukoba iko katikati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, mmoja wa mashariki kwetu huku Manyara, mwingine wa magharibi unaopita Albert, Kivu, Tanganyika. Katikati kuna bamba kongwe, yaani pande kubwa la mwamba wa kale, miamba yake ina zaidi ya miaka bilioni 2 na nusu, nene na baridi. Ufa umeshindwa kulipasua, umelizunguka huku na huku. Na kwa vipimo vya setelaiti hilo bamba dogo, wanaliita la Viktoria, linazunguka taratibu kinyume na mshale wa saa, limeshikwa na pande mbili zinazoenda tofauti.

Mwamba ukiwa baridi unavunjika hata kina kirefu. Natron ni moto, kule matetemeko mengi ni ya juu juu.

#15 Lori_la_Lami

Si nimesema lami ya asubuhi na lami ya mchana 😀 Bukoba ni ya asubuhi.

#16 Bukoba_Damu

Sawa nimekubali la ubaridi. Ila bado "nani anavuta" halijajibiwa.

Na nyie wa Manyara mnajivunia ukuta, sisi tumepewa ziwa zima. Wazee wa Uganda wanajua mto Katonga. Zamani Katonga, Kagera, Kafu, ilikuwa inatiririka kwenda magharibi. Magharibi kukapandishwa na ule mkono wa ufa, mito ikashindwa kupanda, ikarudi nyuma, maji yakakusanyika kwenye sinia hapa katikati, ndo Ziwa Viktoria. Katonga mpaka leo ina kinamasi katikati, maji mengine yanakwenda huku mengine kule. Kwa hiyo ziwa letu halikuchimbwa, lilizuiwa.

#17 Almasi_Shy

Mko mbali sana na bamba kongwe bila kututaja sisi wa Shinyanga. Hilo bamba lina mizizi mirefu, na mizizi yake ndo inatunza almasi. Almasi za Mwadui zilitoka kina cha zaidi ya kilomita 150, zikapandishwa na kimbaliti, mwamba wa volkano unaotoka chini sana. Bomba la Mwadui, yaani njia ambayo hiyo kimbaliti ilipandia, mwanajiolojia Mkanada Williamson alilipata mwaka 1940, ni kati ya makubwa duniani kwa eneo la juu. Halafu nendeni Igwisi kule mkoa wa Tabora muone vilima vitatu vidogo vya kimbaliti, vilitoka miaka elfu kumi na kitu tu iliyopita, binadamu walikuwepo tayari. Katikati ya bamba ambalo mwalimu anasema ni baridi na nene! Kwa hiyo mwalimu kubaridi kwake kuna mahali kumetoboka.

#18 MwlJiografia

#17 Igwisi ni kweli na ni swali zito, sina la kukupinga.

#19 KijanaWaNaks

Wasee mbona hakuna mtu amesema ule ufa wa Mai Mahiu? March 2018, mvua ilinyesha hiyo wiki mbaya sana, ground ikafunguka ikakata barabara ya kwenda Narok. Nilienda kuona na macho. Mahali pengine ilikuwa unaweza tumbukiza nyumba ya gorofa tatu, kando ni mchanga wa majivu laini, ukishika na mkono unamwagika kama unga wa ngano. Mzee mmoja alikuwa anahamisha mabati yake, nyumba ilikuwa imebaki hatua kama nne kutoka ukingo, na hata hakulia, anahesabu tu misumari. Dunia yote ikaandika eti Africa imegawanyika mara mbili.

#20 Kisima_Kirefu

Ule wataalamu wengi walisema ni maji. Majivu ya volkano ya Suswa na Longonot ni malaini, maji yanapita chini kwa chini yanachimba handaki, mvua kubwa ikija dari linaanguka. Kama ingekuwa ardhi imeachana ghafla mita 15 tungesikia tetemeko la kuvunja Nairobi.

#21 KijanaWaNaks

Najua hiyo story ya maji. Lakini niulize, kwa nini handaki lilienda straight? Maji si yanapinda pinda? Wengine walisema hapo chini kulikuwa na ufa wa zamani umejaa majivu, maji ikafuata huo tu. So ni maji lakini ni ufa pia.

#22 Kisima_Kirefu

Inawezekana vyote viwili, sikatai. Ninachokataa ni ile ya "imegawanyika". Kasi ya kuachana huko kaskazini ni kama milimita 6 au 7 kwa mwaka, huku kwetu chini ya hapo. Piga hesabu tangu Tanganyika ipate uhuru 1961 mpaka leo, haifiki nusu mita. Kucha zako zinakua haraka kuliko hivyo.

#23 Ngarash

Kisima samahani, inaenda polepole lakini sio siku zote. Mimi natokea Engare Sero, chini ya Oldoinyo Le Engai. Mwaka 2007 nilikuwa mdogo nachunga mbuzi. Mwezi wa saba ardhi ilianza kutikisika, sio mara moja, siku nyingi, usiku na mchana, lile kubwa mpaka Nairobi watu walitoka maofisini. Kule upande wa mlima Gelai ardhi ilifunguka nyufa, tulikwenda kuangalia na baba, mbuzi mmoja alikataa kabisa kuruka, mwembamba tu wa kuvuka kwa hatua. Baadaye wataalamu wakasema magma ilipita chini kwa chini ikaishia huko huko, haikutoka juu. Mwezi wa tisa Le Engai ukalipuka, majivu yakafunika majani yote, ng'ombe wakila meno yanasaga kama mchanga na wengine wakaharisha, tukahama.

Kwa hiyo milimita zenu zinakaa kimya miaka mingi halafu zinakuja zote siku moja.

Wazee wetu wanasema ni mlima wa Engai, Mungu, na wanaenda kuomba mvua pale. Siwezi kuwaambia wamekosea.

#24 Kisima_Kirefu

Ngarash umenisahihisha vizuri, nakubali. Hata Afar Ethiopia 2005 ilikuwa hivyo, ndani ya wiki chache ukafunguka urefu wa kilomita 60, mahali pengine mita 8 kwa mara moja.

#25 Mpita_Njia

Lava ya huo mlima ni kweli ni nyeupe? Niliona picha.

#26 Ngarash

Inatoka nyeusi, nyepesi kama oili chafu ya gari, usiku hata haiwaki sana. Ikipoa na kupata unyevu inageuka nyeupe ndani ya siku chache. Wageni walipima wakasema nyuzi 500 na kitu tu, wakati lava nyingine ni 1,000 na zaidi. Ni magadi, ndo volkano pekee hai inayotoa hiyo. Tena chini kwetu kuna nyayo za watu wa kale zimeganda kwenye majivu, zaidi ya 400, kuna waliokuwa wanatembea na kuna waliokuwa wanakimbia. Karibuni.

#27 Wa_Goma

Jambo bandugu. Nyinyi munasema lava ya kwenu. Ya kwetu, ya mulima Nyiragongo, ni ya mbio. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, jioni, mbingu ikakuwa nyekundu, batu banakimbia na magodoro ku kichwa. Lava ikasimama karibu na aéroport. Mwaka 2002 ndio iliingia kati kati ya muji. Ile ya 2021 woga mukubwa haukukuwa lava, ulikuwa siku zenye zilifuata: udongo unatikisika kila dakika, barabara zinapasuka, banasema magma iko chini ya muji na chini ya Ziwa Kivu, na ziwa lile liko na gesi. Tukaambiwa tutoke, tukaenda Sake kwa miguu.

Na kuko kitu tunaita mazuku, upepo mubaya wa chini, unakaa ku mashimo. Mbuzi anaingia, hatoki. Sasa hata bazungu wa volkano banaandika "mazuku" ku vitabu vyao, ni Kiswahili yetu ile.

#28 Mama_Vitunguu

Jamani poleni sana watu wa Goma. Nimesoma na chozi linanitoka.

#29 BintiUnguja_Muscat

Waungwana salaam. Mie nipo Muscat, nimefuata uzi huu tangu asubuhi. Nyote mwazungumzia kuvutwa, basi nami nikuleteeni kubanwa. Huku Oman kuna majabali ukiyatazama ni meusi yana rangi ya kahawia, hayaoti hata mti. Mume wangu alinipeleka wadi moja, bonde kavu la mto, akanambia unapokanyaga hapa ni joho la dunia lenyewe. Nilidhani ananchezea. Kumbe zaidi ya miaka milioni 90 iliyopita sakafu ya bahari ilibanwa ikapandishwa juu ya bara, na chini ya sakafu likaja na kipande cha joho. Mpaka ule kati ya ganda na joho, ambao kwa Kola hawakuufikia, huku unauvuka kwa miguu. Nimeokota jiwe, ni kijani kilichoiva, lateleza kama sabuni mkononi, nimeliweka dirishani.

Sasa kwa Mama anayeuliza nani anavuta: Arabuni inasogea kaskazini mashariki, inakwenda kuzama na kubanana na Iran, na nyuma yake Bahari ya Shamu inafunguka. Anayevuta yuko huko. Ni kama shuka, ukivuta ncha moja huku, kule linapasuka.

#30 MwlJiografia

Dada #29 jiwe hilo lifungie, wengine tumefundisha joho miaka 18 hatujaligusa. Kuvuta kwa Arabuni kunaeleza Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden vizuri sana. Tatizo ni huku chini. Bamba la Somalia, hili la upande wetu wa pwani, halina mahali linapozama. Mashariki yake ni Bahari ya Hindi na ule mgongo wa katikati ya bahari ambao unasukuma kuja kwetu, sio kutuvuta. Kwa hiyo Afrika imesukumwa pande karibu zote na bado inapasuka katikati. Ndo maana wengine wanasema nguvu inatoka chini. Mawimbi ya tetemeko yanaonyesha kitu kikubwa mno kimeanzia karibu na kiini, kilomita 2,890, chini ya kusini mwa Afrika, kinapanda kimeinamia kuja kwetu kaskazini mashariki. Kinainua nchi nzima. Huoni Dodoma iko mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari na hakuna mlima?

#31 Kisima_Kirefu

Na kuna wa tatu, mimi nauamini huo zaidi: nchi ikishainuliwa, uzito wake wenyewe unaitanua. Ethiopia iko juu zaidi ya mita 2,000, Kenya na sisi tunafuata, pembeni ni bahari, chini. Kilichorundikwa juu kinataka kusambaa.

#32 Mama_Vitunguu

Kama unga wa chapati uliolowa. Ukiurundika kwenye sinia usiuguse, ukirudi umeshuka katikati na umetanuka, juu una nyufa.

#33 Kisima_Kirefu

Kabisa mama, nyufa juu hasa.

#34 Almasi_Shy

Hapana, kama ni uzito wa kuinuka mbona kusini mwa Afrika kuko juu vile vile na hakupasuki hivi? Na hicho cha kutoka kwenye kiini kinakaa chini yao kabisa.

#35 MwlJiografia

Bamba lao nene? Kwetu kuna mishono ya zamani, pale mabamba makongwe yalipoungana, nguo inachanikia kwenye mshono. Lakini hata mimi nabahatisha hapo.

#36 Mpita_Njia

Na lile tetemeko la Dar Agosti 2020 usiku? Watu wa Mtwara walisema ni uchimbaji wa gesi.

#37 Kisima_Kirefu

Lile lilikuwa 6.0 baharini, kina kama kilomita 15. Visima vya gesi havifiki huko. Chini ya bahari yetu kuna nyufa pia zinaelekea Msumbiji, wengine wanaziita mkono wa tatu wa Bonde la Ufa.

#38 Bukoba_Damu

Usiseme kirahisi hivyo mkuu, mikono inaongezeka kila ukurasa wa uzi huu.

#39 Mama_Tumaini

Nimeingia kwa kuchelewa, nina swali dogo, niko Maji ya Chai, Arusha. Watoto wetu meno yana rangi ya kahawia, nilishaambiwa ni maji. Hii nayo ni volkano?

#40 Kisima_Kirefu

Ndio mama. Mawe ya Mlima Meru yana floraidi nyingi, maji yakipita humo yanabeba. Mtoto akinywa wakati meno ya ukubwani bado yanajitengeneza ndani ya fizi, yanatoka hivyo. Nimewahi kuchimba kisima huko, maji yametoka masafi, baridi, matamu, kijiji kizima kinapiga vigelegele, vipimo vikarudi tukaambiwa yasinywewe. Nilikaa kwenye gari sikushuka. Ukipata ya mvua wape hayo, hasa wale chini ya miaka 8.

Mto wa Mbu kwa Mama_Vitunguu wana bahati, mvua za nyanda za Ngorongoro zinazama kwenye mawe yenye vinyweleo huko juu zinatokea chini ya ukuta kama chemchemi, ndo hiyo migomba na msitu mzima. Huo ukuta unaokusumbua fuso ndo unawanywesha.

#41 Mama_Tumaini

Ubarikiwe. Wangu wa mwisho ana miaka 3, bado sijachelewa.

#42 Mama_Vitunguu

Wakuu nimemsomea binti uzi wote jana usiku, umeme ulikatika tukamalizia kwa simu. Kachora upya, ukuta mmoja, bawaba akaiandika "Makuyuni". Kwenye nani anavuta kaacha mistari mitatu wazi, kaandika Arabuni, kiini, uzito, na alama ya kuuliza kila moja. Alhamisi shule inafunga, nampakia kwenye fuso twende naye Karatu. Nitasimama pale juu akaone mwenyewe.

#43 Lori_la_Lami

Msisimame kwenye kona ile ya pili mama, malori yanashuka hayana breki. Pandeni mpaka kwenye kituo cha watalii.

#44 Ngarash

Na aangalie mawe yaliyokatwa ubavuni mwa barabara mkiwa mnapanda, kuna matabaka ya lava moja juu ya nyingine. Ayahesabu.

#45 Almasi_Shy

Mwalimu hujanijibu ya kusini mwa Afrika.

#46 KijanaWaNaks

Na mimi ya Mai Mahiu, straight ilitoka wapi?